Video ikiisha, na mimi naishia hapo hapo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Kihonda, Morogoro. Nilimaliza stashahada ya TEHAMA mwaka jana na mpaka sasa sijapata kazi. Asubuhi namsaidia mama kwenye cherehani, jioni najifunza kutengeneza programu za simu kwa kufuata video. Natumia lugha ya Kotlin na Jetpack Compose, ya kuchorea kinachoonekana kwenye kioo, kwa sababu ndizo video nilizoanza nazo.

Tatizo langu ni hili. Kila mwalimu wa video anaanza na orodha ya kazi: unaandika kazi, inatokea kwenye orodha, unaiwekea tiki, unaifuta. Nimeshaitengeneza kwa walimu tofauti na kila mara imekubali. Lakini nikifungua mradi mtupu bila video, mikono inaganda. Sijui nianzie wapi.

Juzi nikajilazimisha kuandika mwenyewe bila kuchungulia. Orodha ikatokea, nikafurahi. Halafu nikaanza kuona vituko. Niliandika kazi nne, nikaweka tiki kwenye ya pili, nikaifuta hiyo ya pili. Tiki ikaonekana kwenye ile ya tatu ambayo sijaigusa kabisa. Nikiizungusha simu ikalala, orodha inabaki lakini tiki zote zinafutika. Nikiifunga programu na kuifungua tena, hata orodha haipo. Kwenye video mambo haya hayakutokea, au labda wale walimu hawakuzungusha simu.

Nikamwonyesha mama. Akaangalia, akacheka, akaniambia, "Sasa mwanangu, hiki kina tofauti gani na daftari langu? Daftari hata likianguka halisahau nguo ya mtu." Mjomba naye, ambaye ndiye aliyeninunulia kompyuta, anasema orodha ya kazi ni mchezo wa watoto. Anataka niachane nayo nitengeneze kitu cha pesa, kama programu ya kuita bodaboda hapa mjini.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, RAM ni GB 4. Android Studio, ambamo naandikia programu, ikifunguka siwezi kufungua kitu kingine. Emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, sijawahi kuiona ikimaliza kuwaka, kwa hiyo najaribia kwenye simu yangu kwa waya. Nikibonyeza kitufe cha kuendesha naweza kwenda kuosha vyombo vyote, nikirudi ndiyo inamalizia.

Kuna kituo kinatangaza kozi ya miezi mitatu kwa laki nne na cheti juu. Mama yuko tayari kutoa akiba yake ya kikoba anilipie. Rafiki yangu yeye anasema kosa langu ni Kotlin, nihamie Flutter, kifaa kingine cha kutengenezea programu za simu.

Nifanyeje Mwalimu? Niendelee na orodha au niruke? Nihamie Flutter? Nilipe kozi? Au niseme tu ukweli kwamba kichwa changu si cha kazi hii?

Binti wa Kihonda

*

Marahaba, binti wa Kihonda.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kichwa chako kiko sawa. Barua nyingi ninazopokea zinasema "programu yangu haifanyi kazi" na zinaishia hapo. Wewe umeniambia uliandika kazi nne, ukaweka tiki ya pili, ukaifuta, tiki ikatokea kwenye ya tatu. Kwa maelezo hayo naweza kukutajia kosa lilipo bila kuuona mradi wako. Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hii na bado hawawezi kueleza hitilafu namna hiyo.

Kosa lenyewe ni hili. Tiki umeihifadhi ndani ya mstari wa orodha, kwa remember, amri ya Compose ya kukumbuka kitu kwa muda, pale pale unapochora kisanduku. Compose usipoiambia vingine inautambua mstari kwa nafasi yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipoifuta kazi ya pili, ya tatu ilipanda kukaa nafasi yake na kuikuta tiki iliyoachwa hapo. Ni kama mgeni wa gesti anayepewa chumba namba mbili na kulikuta koti la aliyeondoka asubuhi bado linaning'inia mlangoni.

Fanya mambo mawili. La kwanza, kila kazi ipewe namba ya utambulisho isiyobadilika tangu inaandikwa mpaka inafutwa, na uiambie LazyColumn, inayochora orodha yako, kwamba key (ufunguo) ya kila mstari ni namba hiyo. La pili ndilo kubwa zaidi: itoe tiki kwenye mstari, uiweke kwenye kazi yenyewe. Yaani kazi iwe na namba yake, maelezo yake, na ndiyo au hapana ya kwamba imekwisha, vyote vikikaa pamoja ndani ya ViewModel, sehemu inayotunza data mbali na kioo. Kisanduku cha kwenye kioo kibaki na kazi ya kuonyesha tu, na kikiguswa kipeleke habari kule: kazi namba fulani imekwisha.

Ukishafanya hivyo, tatizo la kuzungusha simu litakuwa limeondoka lenyewe. Simu ikilazwa, Android kwa kawaida huivunja Activity, yaani ukurasa wa programu ulio kwenye kioo, na kuijenga upya. Vilivyo kwenye remember vinakwenda na maji, vilivyo kwenye ViewModel vinabaki. Ndiyo maana orodha yako ilibaki na tiki zikapotea: moja uliiweka huku, nyingine kule. Walimu wa video wengi hawaizungushi simu, hapo umesema kweli.

Orodha kupotea ukiifunga programu ni jambo jingine kidogo. ViewModel nayo inaishi kwenye kumbukumbu ya muda, programu ikifa inakufa nayo. Kinachosalia ni kile kilichoandikwa kwenye hifadhi ya simu, na kwa orodha kama yako njia iliyozoeleka ni Room, ambayo inakusaidia kuzungumza na kanzidata ya SQLite. SQLite ilitolewa mwaka 2000 na Mmarekani Richard Hipp, na leo imo ndani ya kila simu ya Android. Ujumbe wa WhatsApp wa mama yako umetunzwa humo humo. Room ina vipande vitatu utakavyoviona kila mahali: jedwali, orodha ya maswali unayoweza kuliuliza, na kanzidata inayoviunganisha. Kaa navyo mpaka uviandike bila kuangalia.

Hayo ni ya ufundi, na ungeyapata hata kwingine. Sasa tuje kwa mama.

Mama kakuuliza kitu chako kina tofauti gani na daftari lake, nawe umelichukulia swali kama kejeli. Mimi nimelisoma kama oda. Orodha ya kwenye video haina mwenyewe. "Nunua maziwa. Mpigie daktari wa meno." Hizo ni kazi za mtu ambaye hayupo, kwa hiyo video ikizimwa huna wa kumuuliza kinachofuata ni nini, na mikono lazima igande. Humo nyumbani kwenu kuna mtu mwenye orodha ya kweli, anayeitegemea kula, na anakaa mita mbili kutoka kwenye kompyuta yako.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: usiiache orodha. Iandike upya iwe ya mama.

Kabla hujagusa kompyuta, liombe daftari lile ukae nalo jioni nzima. Angalia anachoandika: jina la mteja, nguo gani, vipimo, advansi aliyopokea, siku ya kuchukua. Angalia na asichokiandika kwa sababu anakikumbuka, kama kitenge cha nani kiko kwenye mfuko upi. Halafu angalia anavyozimaliza kazi, na hapa ndipo utakaposhtuka, kwa sababu fundi cherehani hana tiki moja. Nguo inaweza kuwa haijakatwa. Inaweza kuwa imekatwa, au imeshonwa ikasubiri vifungo. Inaweza kuwa tayari na mwenyewe hajaja, au imeondoka na salio limebaki kwa mteja. Ile ndiyo-au-hapana yako haiwezi kubeba hayo yote. Utahitaji hali, na kila hali itakuletea swali. Nguo zilizo tayari zisizochukuliwa zikae juu ya orodha au chini? Sidhani kuna video yenye jibu. Mama analo. Mimi ningeziweka juu kwa sababu ndizo zenye hela ndani, ila duka ni lake.

Toleo la kwanza liwe dogo mpaka uone aibu: jina, nguo, siku ya kuchukua, hali. Vipimo viache kabisa. Mama ataviulizia, mwambie vinakuja. Vipimo vya gauni na vya suruali havifanani, na ukivianza mapema vitakula mwezi mzima kabla hujapata kitu cha kumshikisha mkononi.

Kuhusu kuganda mbele ya mradi mtupu, nitakupa njia ninayowapa wanafunzi wangu. Andika kwa Kiswahili, ndani ya faili lenyewe la Kotlin, kama maelezo ambayo mashine haiyasomi: mama anabonyeza kitufe cha kuongeza, anaandika jina, anachagua siku, akihifadhi, oda inaonekana kwenye orodha kwa mpangilio wa siku. Kisha chukua mstari mmoja, uugeuze kuwa msimbo, uendeshe, uende kwenye mstari wa pili. Ukikwama tafuta hicho kipande tu, mathalani namna ya kuchagua tarehe, na utafute kwanza kwenye nyaraka za Android zenyewe. Video nayo unaruhusiwa, ila itazame Android Studio ikiwa imefungwa, halafu uandike ulichokielewa. Kwa kompyuta yako ya GB 4 sheria hiyo utaifuata utake usitake.

Sasa jambo litakalokutenganisha na mtu aliyefuata video. Siku moja mama atasema, "Weka na namba ya simu ya mteja." Utaongeza safu moja kwenye jedwali, uendeshe, programu igome kufunguka. Italalamika kwamba umbo la kanzidata limebadilika na namba ya toleo ni ile ile. Utaipandisha namba. Itagoma tena, safari hii ikidai ielezwe namna ya kuhama kutoka toleo la 1 kwenda la 2. Ukiuliza kwenye intaneti utaletewa haraka dawa inayoitwa fallbackToDestructiveMigration, mstari mmoja tu, na kweli programu itafunguka papo hapo. Imefunguka kwa sababu imeyafuta majedwali yote na kuanza upya. Kwenye zoezi la maziwa na daktari wa meno huna ulichopoteza. Kwenye simu ya mama umefuta sare za harusi nzima, na Jumamosi watu wanakuja kuzichukua.

Jifunze kuandika uhamisho wenyewe. Kwa kuongeza safu ni sentensi moja ya SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata, inayoanza na ALTER TABLE. Ifanyie majaribio kwenye simu yako yenye oda za uongo kabla hujagusa ya mama. Fundisho hili huwezi kulipata ukiwa peke yako na orodha yako ya kubuni, maana hakuna kinachouma data ikipotea. Nakung'ang'aniza kwa mama kwa sababu hiyo. Na daftari liendelee kuandikwa sambamba, mama asiliache hata kama programu imemfurahisha, mpaka iwe imevuka mabadiliko kadhaa bila kupoteza kitu.

Halafu kuna saa. Mama akisema mteja anakuja kesho saa tatu, kichagua saa cha Android kitamwonyesha 9:00. Sisi tumezoea kugeuza kichwani, lakini sioni kwa nini mtu mwenye pini mdomoni na utepe shingoni ageuze saa kwa ajili ya programu iliyoandikwa na mwanawe. Hifadhi saa kwa mtindo wa kawaida, 0 mpaka 23, ila kwenye kioo uionyeshe kwa kwetu: ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki, baki likiwa 0 andika 12. Saa 9 inakuwa 15, baki 3, saa tatu. Saa 18 inakuwa 24, baki 0, saa kumi na mbili. Saa 0 inakupa 6, saa sita usiku. Kisha ambatisha kipindi, na hapo mtabishana nyumbani. Kwangu saa 16 ni saa kumi jioni na saa 19 tayari ni saa moja usiku, lakini wapo wanaosema saa moja jioni na hawana kosa. Fuata anavyosema mama.

Hii iwe funksheni yako ya kwanza kuiandikia jaribio. Ipitishie namba zote 24, uchapishe majibu, umsomee mama kwa sauti; atakalolicheka lirekebishe. Tena kazi hii haihitaji Android Studio wala simu. Kotlin Playground inafunguka kwenye kivinjari na kompyuta yako haitapumua kwa shida.

Akitaka na kukumbushwa, subiri kwanza orodha itulie, kwa sababu arifa zina mitego mingi kuliko zinavyoonekana. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu lazima imwombe mtumiaji ruhusa ya kutuma arifa. Usipoomba hutaona kosa lolote, ni kimya tu. Alamu ulizopanga kwa AlarmManager zinafutika simu ikizimika na kuwashwa tena, lazima uzipange upya kila inapowaka. Na kuna simu zinazobana betri kwa ukali hadi kuua programu zinazofanya kazi kwa nyuma. Mimi ningeanza na arifa moja tu ya alfajiri: leo zinachukuliwa nguo hizi. Itume kwa WorkManager, ambayo inaikumbuka kazi yake hata simu ikizimwa. Haiahidi dakika kamili, ikichelewa kidogo hakuna harusi itakayovunjika.

Mjomba. Mjibu kwa adabu, maana kompyuta ni yake na nia yake ni njema. Programu ya kuita bodaboda si moja. Kuna ya abiria, kuna ya dereva, kuna seva kati yao, kuna ramani, kuna malipo, na kuna mtu wa kupokea simu saa nne usiku dereva na abiria wakigombana bei. Lakini ukiifungua ndani utakuta orodha: safari imeombwa, imekubaliwa, inaendelea, imekwisha, imelipwa. Hizo ni hali, kama zile za gauni la mama. Anayeshindwa kuitunza oda ya gauni isipotee simu ikilazwa hawezi kutunza safari ya mtu aliyekaa juu ya pikipiki.

Kama anataka kuona pesa, mwonyeshe hivi. Ukishakuwa na bei na advansi kwenye kila oda, weka juu ya orodha mstari mmoja unaojumlisha masalio yote ambayo wateja wanadaiwa. Daftari haliwezi kufanya hivyo bila mtu kukaa na kalamu na kikokotoo. Mama akiuona mstari huo atakuwa amejibiwa lile swali lake, na mjomba atakaa kimya kwa muda.

Kozi usilipe. Sisemi kituo hicho ni kibaya, sikijui. Lakini una stashahada, unajua kusoma msimbo, na unachokosa ni mtumiaji pamoja na kompyuta inayokwenda. Cheti cha pili hakikupi hata kimoja kati ya hivyo. Wanaoitengeneza Android Studio wanataja GB 8 za RAM kuwa kima cha chini, na GB 16 kwa anayetaka kuitumia pamoja na emuleta. Wewe uko nusu ya kima cha chini. Kule kwenda kuosha vyombo kila unapoendesha ndiko kunakuua, kwa sababu anayesubiri muda wote huo kuona badiliko moja anaacha kujaribu vitu na kuanza kuogopa kukosea. Ipeleke kwa fundi unayemwamini aifungue aone kama RAM yake inabadilika, maana kuna kompyuta mpakato ambazo RAM imechomelewa kwenye ubao na haitoki. Ikibadilika, ifikishe GB 8. Ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, weka na SSD. Uliza bei ya vyote viwili vya mtumba kabla ya kutoa hela, na akiba itakayobaki irudi kwenye kikoba. RAM ikiwa imechomelewa, bado huna haja ya kozi. Akiba hiyo itasaidia zaidi siku ya kubadilisha kompyuta.

Emuleta achana nayo hata baada ya hapo. Simu kwa waya ni sahihi, na inakuonyesha programu ilivyo kwenye kioo halisi chenye mkwaruzo na mwanga wa jua.

Onyo moja kabla fundi hajaigusa. Android Studio inasaini programu zako za majaribio kwa ufunguo uliotengenezwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, faili linaitwa debug.keystore na liko kwenye folda ya .android. Fundi akipiga Windows upya, ufunguo unapotea. Toleo jipya litakataliwa kukaa juu ya la zamani kwenye simu ya mama mpaka la zamani liondolewe, na likiondolewa oda zinakwenda nalo. Jitumie nakala ya faili hilo mahali salama leo leo.

Flutter ni kifaa kizuri. Google walitoa toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018, na faida yake kubwa ni kuandika mara moja ukapata programu ya Android na ya iPhone. Mama yako anatumia iPhone? Basi. Kotlin nayo haijaachwa popote; Google waliipokea rasmi kwa Android mwaka 2017 na mwaka 2019 wakatangaza kuwa ndiyo lugha wanayoitanguliza. Na ile tiki yako ingehama vile vile kwenye Flutter, kwani huko nako kuna ufunguo wa mstari na ukiusahau yanatokea yale yale. Rafiki yako mwambie mtakutana mwakani.

Play Store usiiwaze kwa sasa. Kufungua akaunti ni dola 25, unalipa mara moja, na akaunti mpya za watu binafsi zinatakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo. Kwa mama, waya unatosha. Mafundi wa jirani wakianza kumuuliza ile kitu kwenye simu yake ameipata wapi, hapo utakuwa na wajaribu wako bila kuwatafuta.

Ukikwama kwenye Room niandikie tena, ila usinitumie picha ya kioo. Nakili maandishi yote ya kosa kutoka Logcat, dirisha la Android Studio linaloonyesha makosa, uyabandike kwenye barua. Wengi hunipigia picha mistari mitatu ya juu, na ule unaoanza na Caused by, ambao mara nyingi ndio unaobeba jibu, unakuwa umebaki chini.